Wageni wa Siku Tatu

Katika karne ya 12, mhujaji aliyeelekea Santiago de Compostela, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, alianza kupokewa kabla hajaufikia mji wa kulala. Wenye nyumba za wageni walimfuata nje ya lango, wakamkumbatia na kumbusu kana kwamba ni ndugu yao aliyepotea miaka mingi, wakamshika mkono mpaka nyumbani. Huko alionjeshwa divai nzuri. Akishakubali bei, alimiminiwa nyingine iliyochacha. Vyombo vya kupimia vilikuwa vikubwa kwa nje na vyembamba kwa ndani. Nyama na samaki alivyouziwa vilipikwa juzi. Jioni mtumishi wa nyumba alimwaga maji yote yaliyokuwamo ndani, ili mgeni akiamka na kiu usiku asipate cha kunywa ila divai ya kununua.

Visa hivyo vimeorodheshwa katika mahubiri marefu yaitwayo Veneranda dies, yaliyomo ndani ya Codex Calixtinus, kitabu kilichoandikwa kwa mkono katikati ya karne hiyo ambacho bado kinatunzwa katika kanisa kuu la Santiago. Ili yapate uzito, mahubiri hayo yalibandikwa jina la Papa Calixtus II. Aliyeyaandika hasa alikuwa mtu aliyeijua njia vizuri, na aliyewajua wapiga debe wake vizuri zaidi.

Hasira yake ilitokana na imani kwamba mpita njia ni mgeni wa Mungu, na mgeni wa Mungu hachunwi. Wenye nyumba, kwa upande wao, walikuwa na kodi ya kulipa na watoto wa kulisha, wakamwona mteja. Mvutano huo ndio uliojenga njia ya Santiago. Umeacha madaraja, miji mizima, hospitali, sheria za wafalme na hadithi za miujiza, na bado unaendelea, ingawa mhujaji wa leo anatembea na simu mkononi.

Chanzo cha yote ni kaburi. Kati ya mwaka 820 na 830 hivi, Askofu Teodomiro wa Iria alitangaza kwamba kaburi lililogunduliwa msituni katika Galicia lilikuwa la Mtume Yakobo. Mfalme Alfonso II wa Asturias akajenga kanisa dogo mahali hapo. Mwaka 950 Askofu Godescalc wa Le Puy, Ufaransa, alifika na msafara mkubwa, na katika karne mbili zilizofuata safari hiyo ikawa desturi ya Ulaya nzima. Kanisa kuu lililopo sasa lilianza kujengwa mwaka 1075.

Kutoka milima ya Pyrenees, mpaka wa Ufaransa na Hispania, hadi Santiago ni takriban kilomita 780. Anayetembea bila kukimbizana humaliza mwezi mzima. Wa enzi hizo hakuwa na treni wala ndege ya kumrudisha. Akishasali kaburini aligeuka na kurudi kwa miguu njia ile ile. Kwa hiyo kijiji kilichokuwa njiani kilipitiwa na mtu yule yule mara mbili, mara nyingine akiwa mgonjwa, mara nyingi akiwa hana kitu mfukoni.

Wafalme waliona faida upesi. Sancho Ramírez, aliyetawala Aragon na Navarre, aliwasamehe mahujaji ushuru wa njiani, kisha mwaka 1090 akatoa hati ya kuanzisha mji wa Estella kwa ajili ya walowezi kutoka Ufaransa: mafundi viatu, wauza mikate, wabadili fedha, wenye nyumba za kulala wageni. Hati ya Estella ilikataza mwenyeji wa Navarre kuhamia mjini bila idhini ya mfalme na ya wakazi wote. Biashara ya wapita njia ilikuwa imeshakuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa wazawa.

Penye mito, watu wa dini walishika nyundo. Domingo, mkaa pweke aliyefariki mwaka 1109, alijenga daraja, barabara ya mawe na nyumba ya kulaza mahujaji mahali ambapo sasa pana mji unaobeba jina lake, Santo Domingo de la Calzada. Mwanafunzi wake Juan de Ortega aliendelea na kazi hiyo katika vilima vya kabla ya Burgos, palipokuwa maficho ya wanyang'anyi. Milimani nako kulikuwa na mikataba ya aina yake: wanakijiji wa El Acebo, karibu na Foncebadón, walisamehewa kodi kwa sharti la kusimika na kutunza mamia ya vigingi, ili theluji ikifunika ardhi mahujaji wasipoteze njia.

Kitabu cha tano cha Codex Calixtinus ni mwongozo wa safari, na kimeandikwa na mtu mwenye njaa. Kinamsifu kila mtakatifu aliyezikwa njiani, lakini hakipiti mji bila kutaja mlo. Estella, kinasema, ina mkate mzuri, divai bora, nyama na samaki tele. Galicia ina uhaba wa mkate wa ngano na wa divai, lakini imejaa maziwa, asali, kinywaji cha tofaa na samaki wa baharini. Nyika ya Landes, kusini mwa Bordeaux, ni siku tatu za taabu: hakuna mkate, hakuna divai, hakuna maji, na msafiri asipojifunika uso nzi na nyigu humla. Samaki wa mito ya Hispania wanashukiwa wote, kwamba mgeni akiwala huugua.

Mwandishi huyo ana kisasi na wavushaji. Anawalaani wale wa mito ya kusini mwa Ufaransa, waliotumia mtumbwi wa gogo moja, wakatoza nauli kwa nguvu, kisha wakajaza abiria kupita kiasi mpaka chombo kikapinduka, nao wakavizia mali za waliokufa maji. Karibu na Estella anataja kijito chenye chumvi ambacho ukingoni mwake alikuta watu wawili wakinoa visu. Walipoulizwa kama maji yanafaa, walijibu yanafaa. Farasi wawili wakanywa wakafa, na wale jamaa wakaanza kuwachuna ngozi papo hapo.

Dhidi ya biashara hiyo lilisimama jeshi la sadaka. Hospitali za zama hizo zilikuwa nyumba za kulaza wapita njia kwanza, tiba ikafuata. Nyingi zilikuwa ndogo, vitanda 12 kwa heshima ya mitume 12, na kitanda kimoja kililaliwa na watu wawili au watatu wasiojuana. Burgos peke yake ilikuwa na hospitali 32, kwa hesabu ya mtawa Mjerumani Hermann Künig von Vach, aliyechapisha mwongozo wake wa mashairi mwaka 1495. Künig alikuwa mtu wa mambo ya vitendo: aliandika wapi mkate unagawiwa, wapi divai haina masharti, na wapi pa kupita haraka. Hospitali ya Mfalme nje ya Burgos, iliyoanzishwa na Alfonso VIII mwishoni mwa karne ya 12, aliisifu kwa kumpa mgeni chakula na kinywaji mpaka ashibe.

Mashuhuri kuliko zote ilikuwa ile ya Roncesvalles, chini ya kilele cha kwanza cha Pyrenees, iliyoanzishwa na askofu wa Pamplona mwaka 1127. Shairi la Kilatini la karne ya 13 linaeleza huduma zake moja baada ya nyingine. Mgeni alifunguliwa mlango awe mzima au mgonjwa, awe Mkatoliki, Myahudi au mpagani. Alioshwa miguu, akanyolewa ndevu, akakatwa nywele. Viatu vyake vikatiwa viraka vya ngozi. Wagonjwa walihudumiwa na wanawake, wakalazwa kwenye vitanda laini, wakapewa lozi na komamanga. Waliofia hapo walizikwa na nyumba hiyo hiyo. Mtu aliyevuka kilele katika ukungu na theluji, akasikia kengele inayopigwa usiku kuwaongoza waliopotea, hakuuliza bei.

Mlo wenyewe ungeweza kuwa dawa. Karibu na Castrojeriz, katika nyanda za Castile, barabara inapita hadi leo chini ya tao la mawe la nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni, iliyoanzishwa mwaka 1146. Kazi yao ilikuwa kutibu ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni: mikono na miguu iliungua kwa maumivu, ikawa myeusi, mara nyingine ikakatika. Chanzo chake, kama ilivyokuja kufahamika baadaye sana, ni kuvu anayeota kwenye nafaka ya rai, iliyokuwa mkate wa kila siku wa maskini wa Ulaya ya kaskazini. Mgonjwa aliyetembea wiki kadhaa akila mkate wa ngano wa Castile alikuwa ameshaacha sumu nyuma yake, akapona, akamshukuru mtakatifu. Kwenye ukuta wa tao hilo yapo mashubaka mawili ambamo watawa waliwaachia chakula wahujaji waliochelewa, milango ikiwa imeshafungwa.

Sheria nayo iliingia kati. Siete Partidas, mkusanyiko wa sheria wa Mfalme Alfonso X katika karne ya 13, iliwaagiza wenye nyumba za wageni wawapokee mahujaji kwa wema na kuwauzia kwa bei na vipimo vile vile wanavyowauzia majirani zao. Amri ya namna hiyo haiandikwi mahali ambapo watu hawaibiwi.

Hadithi zilisema lile ambalo sheria haikuweza kulisema. Codex Calixtinus ina kisa kilichowekwa Toulouse mwaka 1090: mwenye nyumba aliwalewesha wageni Wajerumani waliokuwa na mali, akaficha kikombe cha fedha ndani ya mfuko wao, kisha akawafuata akipiga kelele za mwizi. Mwana akanyongwa badala ya baba yake, na siku 36 baadaye akakutwa yungali hai kwenye kamba, amebebwa na Mtakatifu Yakobo. Kisa hicho kilipohamia Santo Domingo de la Calzada kilibadilishwa viungo. Aliyeficha kikombe sasa ni binti wa mwenye nyumba, aliyemtamani kijana akakataliwa. Wazazi walipokwenda kwa hakimu kumwambia mwana wao yu hai, walimkuta mezani. Akawacheka: yu hai kama huyu jogoo na kuku waliochomwa kwenye sahani yangu. Ndege wale wakaota manyoya wakasimama, jogoo akawika.

Hati ya kanisa ya mwaka 1350 tayari inawataja jogoo na kuku waliofugwa ndani ya kanisa la mji huo. Wapo hadi sasa, katika tundu la mawe lililopambwa ukutani, na hubadilishwa kwa zamu. Mji umefanya mikate na keki za umbo lao kuwa biashara. Katika toleo la kwanza mwenye gesti ndiye mwizi. Katika toleo lililosimuliwa na mji unaoishi kwa kulaza wageni, lawama imeondoka kwenye biashara ikaenda kwenye mapenzi.

Msongamano wenyewe ulikuwa Santiago. Mkesha wa sikukuu ya Mtume, Julai 25, mahujaji walilala ndani ya kanisa kuu, kila taifa na kona yake, kila taifa na nyimbo zake, vinubi, filimbi na ngoma, mishumaa ikigeuza usiku kuwa mchana. Kugombea nafasi karibu na altare kulifika mahali pa kumwaga damu. Mwaka 1207 Papa Innocent III alilazimika kutoa kibali maalumu ili kanisa hilo, likinajisiwa na mapigano, litakaswe upesi kwa maji, divai na majivu, bila kungoja ibada ndefu ya kulitabaruku upya. Kibali cha aina hiyo huombwa pale ugomvi unapokuwa jambo la kawaida.

Halafu kulikuwa na harufu. Maelfu ya watu waliotembea wiki nyingi katika nguo moja wakikusanyika chini ya paa moja, hata uvumba hupotea. Mapokeo ya kanisa hilo yanahusisha jambo hilo na chetezo kikubwa kiitwacho Botafumeiro, kinachoning'inia kwa kamba kutoka darini na kuvutwa na wanaume wanane hadi kiruke kutoka upande mmoja wa kanisa hadi wa pili. Kilichopo sasa kilitengenezwa mwaka 1851 na kina uzito wa kilo 53. Juu ya paa la kanisa upo msalaba wa shaba ambapo mahujaji walichoma nguo zao kuukuu na kupewa nyingine. Kabla ya hapo, katika kijito cha Lavacolla, saa chache nje ya mji, walikuwa wameshavua nguo na kuoga mwili mzima.

Nje ya mlango wa kaskazini palikuwa na soko. Mwongozo wa karne ya 12 unaorodhesha bidhaa zake: makombe ya bahari ambayo mahujaji waliyashona kwenye nguo kuonyesha wamefika, viriba vya divai, viatu, mikoba ya ngozi ya paa, mikanda, dawa za mitishamba. Wabadili fedha na wenye nyumba za wageni walikuwa mtaa wa pili. Bandari nayo ilikuwa na hesabu zake. Mwingereza William Wey, aliyesafiri kwa meli kutoka Plymouth mwaka 1456, alihesabu vyombo 84 katika bandari ya La Coruña, 32 kati yake vya Uingereza. Wenye meli wa Bristol na Plymouth walibeba mahujaji wakati wa kwenda na divai wakati wa kurudi, wala hawakuona aibu.

Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walipozuru Santiago mwaka 1486 walikuta hospitali ya mji haitoshi kwa umati huo. Mwaka 1499 wakaagiza ijengwe mpya, na Enrique Egas akachora jumba kubwa lenye nyua za ndani, kando ya kanisa kuu. Lilikuwa na madaktari, duka la dawa, jikoni na makasisi wa lugha mbalimbali. Kanuni zake ziliweka mpaka wa ukarimu: mhujaji mzima alikaa bure siku tatu wakati wa kiangazi, tano wakati wa baridi. Waswahili wangeielewa kanuni hiyo bila kufafanuliwa; kwao mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Santiago haikumpa jembe. Ilimwonyesha mlango.

Sababu ilikuwa watu waliogeuza sadaka kuwa kazi. Kadiri hospitali zilivyozidi, ndivyo walivyozidi wazururaji waliovaa kofia na kombe, wakatembea kutoka bakuli la supu hadi bakuli la supu bila nia ya kufika popote. Mwaka 1590 Mfalme Philip II aliwakataza raia wake kuvaa mavazi ya mhujaji, akawadai wasafiri vibali. Louis XIV wa Ufaransa akabana zaidi mwaka 1671. Mageuzi ya Kiprotestanti yalikuwa yameshapunguza Wajerumani na Waingereza, na vita vikazidi kuharibu: mwaka 1589, Mwingereza Francis Drake aliposhambulia La Coruña, askofu mkuu alificha mifupa ya Mtume kwa ustadi mkubwa mno. Ilionekana tena mwaka 1879.

Waliobaki njiani waliacha maelezo ya kina kuliko waliotangulia. Domenico Laffi, kasisi wa Bologna aliyefunga safari mara kadhaa kuanzia mwaka 1666, alieleza nyanda za Castile zilizoliwa na nzige mpaka hapakuwa na jani, na mhujaji aliyemkuta anakata roho huku nzige wamemfunika. Guillaume Manier, fundi cherehani wa Picardy aliyetembea mwaka 1726, aliandika Santiago kama mtu anayeandika ratiba: nyumba ipi ya watawa inagawa mkate, ipi supu, ipi nyama, na kwa mpangilio gani, ili mtu apite zote kwa siku moja.

Ratiba hiyo ilifutwa na serikali. Mwaka 1835 na 1836, waziri Juan Álvarez Mendizábal alifunga nyumba za watawa na kuuza mali zake kulipia vita na madeni. Mashamba yaliyolisha hospitali yakaenda kwa wanunuzi binafsi. Tao la Mtakatifu Antoni lilikuwa limeshaachwa tangu mwishoni mwa karne ya 18. Kwa zaidi ya miaka 100 njia ya Santiago ikawa kumbukumbu, vijiji vyake vikahamwa, na Foncebadón ikabaki karibu tupu.

Aliyeifufua alikuwa kasisi wa parokia. Elías Valiña alihudumu O Cebreiro, kijiji cha nyumba za mawe kwenye kimo cha mita 1,300, mlango wa kuingilia Galicia. Aliandika tasnifu kuhusu historia ya njia, akakarabati nyumba ya wageni ya kijiji, kisha mwaka 1984 akaanza kupaka mishale ya njano kwenye miti, kuta na mawe kutoka Pyrenees kuja magharibi. Inasimuliwa kwamba rangi ilikuwa mabaki ya kazi za barabara, na kwamba askari walipomsimamisha wakitaka kujua anachofanya, aliwajibu anaandaa uvamizi mkubwa kutoka Ufaransa. Alifariki mwaka 1989, kabla hajauona.

Uvamizi ulikuja. Mwaka 1985 mahujaji waliopewa cheti cha kumaliza safari hawakufika 1,000. Mwaka 1993, Mwaka Mtakatifu ambao serikali ya Galicia iliutangaza kwa nguvu na kuujengea mtandao wa nyumba za mahujaji, na ambao UNESCO iliiingiza njia katika orodha ya Urithi wa Dunia, walikaribia 100,000. Mwaka 2019 walipita 347,000. Mwaka 2024 walikaribia 500,000.

Umati huo haujasambaa sawasawa. Cheti hutolewa kwa anayetembea angalau kilomita 100, hivyo mji mdogo wa Sarria, kilomita 115 hivi kutoka Santiago, umekuwa kituo cha kuanzia cha zaidi ya robo ya mahujaji wote katika miaka mingi. Kabla ya Sarria mtu anaweza kutembea asubuhi nzima peke yake. Baada ya Sarria anajikuta kwenye foleni: madarasa ya shule, vikundi vya parokia, wazee wenye fimbo mbili mbili. Mabegi yao yametangulia kwa gari.

Kulala ndiko kwenye vita. Nyumba za mahujaji, ziitwazo albergue, zina vyumba vya dabodeka kumi, ishirini au zaidi, bafu la pamoja, kamba ya kuanika soksi na rafu ya viatu nje ya mlango ili harufu isiingie. Mwenye kitabu cha safari chenye mihuri ya vituo alivyopita ndiye anayepokewa. Nyumba za umma za Galicia hazipokei oda: anayewahi ndiye anayelala, usiku mmoja tu, labda awe mgonjwa. Ndiyo maana saa kumi na moja alfajiri, msimu wa joto, mifuko ya plastiki huanza kuchakarika gizani na taa za kichwani kumulika nyuso za waliolala. Wanaokoroma huchukiwa. Kunguni huogopwa kuliko mbwa, na wenye nyumba hupiga dawa, hutoa mashuka ya kutupwa, na wengine hukataza begi kuwekwa kitandani.

Chakula kimepata umbo lake pia. Mgahawa wa njiani huwa na mlo wa mahujaji wa bei moja: supu au tambi, kisha nyama au samaki na chipsi, kitu kitamu cha mwisho, mkate na divai. Karibu na Estella, kampuni ya divai ya Bodegas Irache iliweka mwaka 1991 mabomba mawili ukutani, moja la maji na moja la divai, bure kwa mpita njia. Melide, siku mbili kabla ya Santiago, ni mji wa pweza ingawa hauoni bahari. Zamani pweza alikaushwa pwani na kupelekwa bara kwa punda; sasa huja wa barafu. Wapishi humchemsha katika masufuria makubwa ya shaba, humkata kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, humnyunyizia chumvi ya mawe, pilipili nyekundu iliyosagwa na mafuta ya zeituni. Mwana wa Kizimkazi au Lamu angeuliza tu kwa nini hakuna nazi.

Sadaka haijafa. Katika kanisa la Grañón, La Rioja, wahujaji hulala juu ya magodoro sakafuni kwenye mnara, hupika na kula pamoja, na mlangoni lipo sanduku lililo wazi: mwenye nacho aache, asiye nacho achukue. Katika magofu ya Mtakatifu Antoni kuna vitanda vichache visivyo na umeme, vinavyohudumiwa na wanaojitolea. Roncesvalles wageni hupokewa na Waholanzi wanaoacha likizo zao kuja kugonga mihuri na kufagia, katika nyumba yenye vitanda zaidi ya 180.

Jumba la Ferdinand na Isabella, kwa upande wake, lilifanywa hoteli ya kifahari mwaka 1954. Mahujaji kumi wa kwanza wa siku bado wana haki ya mlo wa bure humo, wakiwa na cheti mkononi. Mitaa inayolizunguka imebadilika: nyumba za mji mkongwe zimegeuzwa vyumba vya kupangisha watalii, kodi imepanda, na halmashauri imeweka masharti kuzuia nyingine zisifuate. Wakazi wanalalamikia makundi yanayoimba uwanjani alfajiri.

Mwaka Mtakatifu huja pale Julai 25 inapoangukia Jumapili, na ujao ni 2027. Wenye nyumba za wageni wa Sarria wana sababu ya kuukumbuka uliotangulia wa kawaida, kabla ya ule wa 2021 ulioingiliwa na korona. Mwaka 2009 vyeti vilivyotolewa Santiago vilikuwa karibu 146,000. Mwaka 2010, ulipokuwa Mtakatifu, vilipita 270,000, na mwaka uliofuata vikashuka tena chini ya 200,000.